Msikimbilie kukiri kosa: bangi kidogo na leseni ya uuguzi Texas

Kwa Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako niwaandikie wazazi wenye watoto wanaosomea uuguzi nchini Marekani, pamoja na vijana wenyewe, kuhusu jambo ambalo jamii yetu hapa Texas hulizungumza kwa kunong'ona, na mara nyingi baada ya maji kumwagika. Ni habari ya kijana anayekamatwa na bangi kidogo, au na sigara ya kielektroniki yenye mafuta ya bangi, akiwa katikati ya masomo. Mimi ni muuguzi niliyesajiliwa katika jimbo hili na kwa miaka kadhaa nimewasimamia wanafunzi wodini. Nimeona kwamba kinachowaangusha wengi si kukamatwa kwenyewe. Ni mambo mawili yanayofuata: kukiri kosa haraka mahakamani ili kesi iishe, kisha kulificha jambo hilo Bodi ya Uuguzi, inayotoa leseni, inapouliza.

Familia nyingi za Afrika Mashariki zilizo Houston, Dallas na Fort Worth zimejenga maisha yao juu ya kazi hii. Mtu hufika, akapata cheti cha msaidizi wa muuguzi, akashika zamu za usiku katika makao ya wazee, na kwa ujira huo akajisomesha au akamsomesha mdogo wake hadi kuufikia mtihani wa leseni ya uuguzi, NCLEX. Karo huchangwa na ndugu walio pande zote mbili za bahari, na leseni ikipatikana hulisha watu wengi kuliko yule aliyeandikwa jina lake. Ndiyo maana nasema hili si suala la kijana mmoja mtundu.

Nianze na sheria. Hapa Texas, kupatikana na bangi ya majani isiyozidi wakia mbili, yaani takriban gramu 56, ni kosa dogo la jinai la daraja la B, ambalo adhabu yake ni kifungo kisichozidi siku 180 na faini isiyozidi dola 2,000. Hilo vijana wengi wanalijua. Wasilolijua ni kwamba mafuta ya bangi yanayotiwa katika sigara za kielektroniki, pamoja na peremende zilizotengenezwa kwa mafuta hayo, hayahesabiwi pamoja na majani. Yamewekwa katika kundi jingine la dawa za kulevya, na kuwa nayo hata chini ya gramu moja ni kosa kubwa la jinai, lenye kifungo cha siku 180 hadi miaka 2 na faini inayoweza kufika dola 10,000. Peremende nazo hupimwa pamoja na sukari yake yote. Pakiti moja inayoingia mfukoni hupita gramu nne bila shida, na kuanzia gramu nne adhabu iliyoandikwa katika sheria ni miaka 2 hadi 20. Kijana anayedhani amebeba kitu chepesi kuliko msokoto wa bangi, kwa kuwa hakitoi moshi wala harufu, huwa amebeba kitu kizito zaidi mbele ya sheria.

Mkanganyiko huu umezidi tangu mwaka 2019, jimbo liliporuhusu bidhaa za katani ya jamii ya bangi (hemp) zenye kiwango cha kileo cha bangi, yaani THC, kisichozidi asilimia 0.3. Maduka yamefunguliwa kando ya vituo vya petroli, yenye taa za rangi madirishani, na kijana aliweza kununua waziwazi akapewa risiti. Lakini polisi wa barabarani hawezi kujua kwa macho kama kilicho mkononi mwa kijana kimezidi asilimia hiyo au la, na kipimo cha mkojo kinachotakiwa na hospitali kabla ya mafunzo kwa vitendo hakiulizi ulinunua wapi. Aliyenunua Colorado, ambako bangi ni halali kwa watu wazima, akaendesha gari kurudi Texas na mabaki yake, hana utetezi wowote kwa kusema kwamba kule alikotoka inaruhusiwa.

Namfahamu mwanafunzi mmoja, ambaye sitamtaja, aliyesimamishwa usiku kwa sababu taa moja ya nyuma ya gari lake ilikuwa haiwaki. Katika kishikio cha kikombe, kati ya viti viwili, palikuwa na kidude cha kuvutia mafuta ya bangi, chembamba kama kalamu, kikiwa kimebakiza mafuta kidogo chini. Alikuwa bado na sare yake ya mafunzo, na kitambulisho cha chuo kikining'inia shingoni. Aliogopa kumpigia baba yake simu kuliko alivyoogopa kulala korokoroni, kwa hiyo marafiki ndio waliochanga pesa za dhamana. Kesi ilipofika mahakamani aliambiwa kwamba akikiri, hakimu ataahirisha hukumu na kumweka chini ya uangalizi, na kwamba akimaliza muda huo bila kosa jingine kesi itaondolewa na hatahesabiwa kuwa amepatikana na hatia. Alitia sahihi akashukuru Mungu. Hakuna aliyemuuliza anasomea nini, wala ana hati gani za kuishi nchini.

Aliyoambiwa yalikuwa kweli, lakini kwa mahakama ya Texas peke yake. Bodi ya Uuguzi ya Texas haiulizi tu kama umepatikana na hatia. Swali lake hutaja mmoja mmoja: aliyekiri, asiyepinga mashtaka, aliyeahirishiwa hukumu, aliyewekwa chini ya uangalizi, aliyeingizwa katika mpango wa kuepushwa kesi, aliyekamatwa na yule ambaye kesi yake bado inasikilizwa. Makosa madogo kabisa ya trafiki ndiyo hutolewa nje ya swali hilo. Jibu haliachwi mikononi mwa mwombaji peke yake, kwa sababu alama za vidole hupelekwa kwa idara ya usalama ya jimbo na kwa FBI, na kumbukumbu ya kukamatwa kwa kawaida haijifuti kwa kuwa tu kesi imeondolewa. Ni lazima mtu aende mahakamani kuomba ifutwe, na si kila kesi inaruhusiwa kufutwa. Aliyeahirishiwa hukumu kwa makosa ya aina hii huweza kupata amri ya kufungia kumbukumbu zisionwe na umma, jambo ambalo ni tofauti na kufutwa.

Tofauti hiyo inastahili kusomwa polepole, kwa kuwa ndipo wengi wanapojikwaa. Kilichofutwa kwa amri ya mahakama si lazima ukitaje katika fomu ya Bodi, ila Bodi yenyewe inaonya kwamba ni juu yako kuhakikisha kimefutwa kweli. Kilichofungiwa tu, sheria haikulazimishi kukitaja, lakini Bodi inasema kinaweza bado kuibuka kama suala la mwenendo na ufaafu. Sasa ukitoka kwa Bodi ukaingia kwenye fomu ya kuomba uraia wa Marekani, hali inageuka: pale unaulizwa habari ya kila kukamatwa, hata kama kumbukumbu zimefungiwa au zimefutwa. Mtu mmoja, tukio moja, fomu mbili, na majibu sahihi mawili yasiyofanana. Hakuna kijana wa miaka 20 anayeweza kulitambua hilo peke yake saa nane za usiku mbele ya kompyuta.

Kwa wasio raia hatari ni kubwa zaidi, na hapa nawaomba wazazi wanisikilize kwa makini. Sheria ya uhamiaji ya Marekani, kama ilivyorekebishwa mwaka 1996, huhesabu kuwa mtu amepatikana na hatia akishakiri kosa au asipopinga mashtaka, kisha hakimu akampa adhabu au uangalizi wa namna yoyote, hata kama jimbo linasema hakuna hatia iliyoandikwa. Kwa hiyo ule uamuzi wa kuahirisha hukumu, unaoonekana kama huruma, mbele ya maafisa wa uhamiaji ni hatia kamili. Kuna msamaha mmoja mwembamba katika sheria ya kufukuzwa nchini, unaomhusu aliyepatikana mara moja tu na bangi isiyozidi gramu 30 kwa matumizi yake mwenyewe. Mlinganishe na zile gramu 56 ambazo Texas huziita kosa dogo, mtaona kwamba kilicho kidogo kwa hakimu chaweza kuwa kikubwa kwa afisa wa uhamiaji. Tena msamaha huo haumlindi moja kwa moja mtu anayerudi kutoka nje. Mwenye grinikadi aliyekuja Kenya au Tanzania kumzika mzazi wake anaweza kuzuiwa uwanja wa ndege anaporejea, akalazimika kuomba kibali maalumu, ilhali kama hangesafiri hakuna ambaye angemgusa.

Mahakama Kuu ya Marekani iliamua Machi 2010, katika kesi ya Padilla dhidi ya Kentucky, kwamba wakili wa mshtakiwa asiye raia ana wajibu wa kumweleza kama kukiri kosa kunaweza kumfanya afukuzwe nchini. Padilla alikuwa mkaazi wa kudumu aliyepigana vita vya Vietnam akiwa katika jeshi la Marekani, na alikiri kusafirisha bangi baada ya wakili wake kumhakikishia kwamba asiwe na wasiwasi juu ya uhamiaji. Kwa hiyo kijana wetu ana haki ya kumwambia wakili wake: mimi si raia, naomba kujua hili litanifanyia nini kabla sijatia sahihi. Na wakili wa jinai asipokuwa na hakika, hapo ndipo pesa za mchango zinapopaswa kwenda, kwa wakili wa uhamiaji, siku hiyo hiyo na kabla ya kukiri. Tumezoea kuchanga dhamana kwa moyo mmoja kisha kijana akaingia mahakamani peke yake kana kwamba shida imekwisha mlangoni mwa jela.

Wapo wanaoniambia kwamba Rais Biden aliwasamehe watu wa bangi. Ni kweli alitoa msamaha Oktoba 2022 na akaupanua Desemba 2023, lakini msamaha huo uliwahusu waliovunja sheria za serikali kuu na za Washington, D.C. Kesi za Texas ni za jimbo, na rais hana mamlaka ya kuzifuta.

Nisieleweke vibaya kuhusu Bodi. Ina sababu ya kuuliza. Muuguzi hupewa namba ya siri ya kufungua kabati la mofini na fentanili, dawa kali za maumivu zinazolevya, humdunga mgonjwa ambaye hawezi kuona kilichomo ndani ya sindano, na wapo wagonjwa walioachwa na maumivu kwa sababu muuguzi alijidunga dawa yao akawatia maji ya chumvi. Mimi mwenyewe nisingependa mama yangu alazwe mahali ambapo swali hilo haliulizwi. Ninalolalamikia ni uzito unaowekwa juu ya kukamatwa tu, kabla ya hakimu yeyote kusema lolote, katika nchi inayojisifu kwamba mtu hana hatia hadi ithibitishwe. Anayekamatwa kwa sababu kidude cha rafiki yake kilikuwa garini, kisha mashtaka yakatupwa, bado analazimika kukusanya nakala za polisi na za mahakama na kungoja barua. Huyo hafanani hata kidogo na muuguzi aliyeiba mofini, na foleni yao isingepaswa kuwa moja.

Hata hivyo hakuna sheria ya Texas inayosema kwamba aliyekamatwa na bangi kidogo hawezi kuwa muuguzi. Bodi hutazama kosa lenyewe, muda uliopita, umri wa mtu alipolitenda, alivyotimiza masharti ya mahakama na alivyojieleza. Kisichosamehewa kwa urahisi ni uongo. Sheria ya wauguzi ya jimbo hili inataja udanganyifu katika kutafuta leseni kuwa sababu inayojitegemea ya kunyimwa au kuadhibiwa, kwa hiyo anayeandika "hapana" huwa ameongeza kosa la pili juu ya la kwanza, na la pili ndilo linalogusa moja kwa moja kazi anayoiomba. Yule mwanafunzi niliyemtaja aliandika "hapana". Hakukusudia kumdanganya mtu. Aliamini kwamba kesi iliyoondolewa haipo. Wenzake walifanya mtihani, wakaajiriwa, wakapanga nyumba, naye alikuwa bado anajibu barua za wachunguzi. Mwishowe alipata leseni yenye masharti, na masharti hayo huonekana na mwajiri yeyote anayetafuta jina lake katika rejista ya umma mtandaoni. Mficha uchi hazai, na wazee wetu waliosema hivyo walimaanisha kwamba mkunga hawezi kumsaidia asiyetaka kuonwa.

Kuna njia ambayo vijana wengi hawaambiwi. Texas humruhusu mtu aliye chuoni, au anayekusudia tu kujiunga na chuo cha uuguzi, kuiandikia Bodi mapema akiomba uamuzi wa ustahiki wake kabla hajamaliza miaka ya masomo na maelfu ya dola. Ombi hilo huitwa Declaratory Order. Mwombaji hueleza kilichotokea kwa barua yake mwenyewe, akaambatisha nakala za kukamatwa na nakala za mahakama zilizothibitishwa zinazoonyesha kesi iliishaje, pamoja na barua za watu wanaomjua kazini, chuoni au kanisani na msikitini. Wakati mwingine Bodi hutaka apimwe na mtaalamu wa mambo ya ulevi. Barua hiyo ya maelezo ndiyo kiini. Nimesoma rasimu za vijana kadhaa, na udhaifu wao ni mmoja: aya tatu za kulaumu polisi na rafiki, kisha sentensi moja ya kuomba msamaha. Anayeisoma anataka kujua ulifanya nini, ulijifunza nini, na maisha yako yamekuwaje tangu siku hiyo. Yaandikwe hayo, kwa tarehe, bila mapambo.

Wanafunzi wengi hapa hupitia ukaguzi wa alama za vidole kabla ya kuingia katika programu, na wasio na rekodi hupokea kadi ndogo ambayo wenyewe huiita kadi ya buluu. Kadi hiyo imewafanya baadhi kudhani wamepita milele. Inasema tu kwamba siku ile vidole vyao havikuonyesha kitu. Anayekamatwa baada ya kuipata ana wajibu mpya wa kueleza, na vyuo vingi, kwa kanuni zao wenyewe, hutaka aeleze ndani ya siku chache, kwa kuwa hospitali zinazopokea wanafunzi zinaweza kumkataa yeyote zisiyemridhia. Asiyeruhusiwa kuingia wodini hawezi kumaliza masomo, hata Bodi ikiwa haijasema neno.

Kwa wale wenye kosa kubwa la jinai, kuna jambo jingine zito. Leseni ya majimbo mengi, inayomwezesha muuguzi wa Texas kufanya kazi katika majimbo mengine yaliyo ndani ya mkataba wa leseni za uuguzi bila kuomba upya, haitolewi kwa aliyepatikana na hatia ya kosa kubwa wala kwa aliyefikia makubaliano na mwendesha mashtaka kulihusu. Maneno hayo ya mwisho yanagusa pia kukiri ili hukumu iahirishwe. Kidude cha mafuta ya bangi ni kosa kubwa, kwa hiyo sahihi ya dakika moja inaweza kumnyima kijana leseni hiyo kwa maisha yake yote ya kazi.

Mahali unapokamatwa nako kuna uzito, jambo ambalo naliona kuwa dhuluma ya wazi. Kaunti ya Harris, ambamo ndimo Houston ilimo, ilianzisha Machi 2017 mpango ambao mtu aliyepatikana na bangi chini ya wakia nne hakufungwa wala kushtakiwa, mradi alipe dola 150 na ahudhurie darasa la saa nne. Ukivuka mpaka wa kaunti, mwendesha mashtaka wa upande wa pili hakulazimika kufuata mpango huo. Vijana wawili wa darasa moja, wenye kiasi kile kile mfukoni, mmoja anaweza kutoka bila shtaka lolote na mwingine akaanza safari ya miaka.

Wazazi walio Nairobi, Mombasa au Arusha wasidhani hili linawahusu wa ng'ambo tu. Muuguzi aliyesomea Kenya akiomba leseni Texas huulizwa maswali yale yale, na aliyekamatwa kwetu naye amekamatwa. Anayeomba viza ya kuhamia atatakiwa kuonyesha cheti cha mwenendo mwema, ambacho Kenya hutolewa na idara ya upelelezi wa jinai, DCI, na daktari aliyeteuliwa na ubalozi atamuuliza kuhusu matumizi ya dawa za kulevya. Kukiri kwa daktari huyo kwamba ulivuta bangi katika miezi 12 iliyopita kunaweza kuisimamisha safari. Kijana aliye mwaka wa pili wa uuguzi, mwenye ndoto ya kusafiri, ni bora ayajue haya sasa.

Ombi langu ni kwa vyama vyetu vya kijamii, makanisa na misikiti yetu hapa Texas. Tuna kamati za harusi na za matanga zinazofanya kazi usiku na mchana. Tuwe pia na orodha ya mawakili wa jinai wanaoshirikiana na mawakili wa uhamiaji, iliyoandaliwa kabla ya simu ya usiku wa manane, na kila mwanzo wa muhula wanafunzi wapya waelezwe habari ya mafuta na peremende za bangi bila kutishwa wala kuhubiriwa. Wazazi nao wawahakikishie watoto kwamba simu ya kwanza baada ya kukamatwa ipigwe nyumbani, na kwamba itapokewa bila matusi. Ugomvi unaweza kungoja wiki mbili. Tarehe ya mahakama haingoji.

Na aliye na kesi ya zamani aliyoizika moyoni, akiwa bado hajahitimu, aende kwa karani wa mahakama wiki hii achukue nakala iliyothibitishwa ya uamuzi wa kesi yake, aonane na wakili, kisha aiandikie Bodi kuomba uamuzi wa mapema badala ya kusubiri muhula wa mwisho.

Muuguzi Mkenya,
Houston, Texas